Stara ya Bi Harusi Haiwekwi Penye Bei Rahisi



Leo tuna maneno makali kidogo. Tunajua yatawaudhi baadhi yenu, na mafundi wa tovuti watanuna zaidi. Tuyaseme mapema. Mwanamke anayefanya kazi ya harusi, awe mpambaji, mtia hina, mshonaji wa magauni, mpiga picha au mpishi wa keki, akifungua tovuti na kuweka humo picha, majina na namba za simu za wateja wake, amebeba amana. Na akichagua kampuni ya kuihifadhi tovuti hiyo kwa kuuliza swali moja tu, "Bei gani?", basi ameichezea amana ya wanawake wenzake.

Msimu tunaujua sote. Rajabu na Shaabani harusi hufuatana kwa kuwa Ramadhani inakaribia. Idi ikishapita, mfungo mosi kumbi zinajaa tena. Miezi hiyo ndiyo watu wanapozifungua kwa wingi tovuti za kina dada hawa: walio Unguja na Pemba, walio Mombasa na Dar es Salaam, na ndugu zetu wa Muscat na London wanaopanga harusi za nyumbani wakiwa mbali. Na miezi hiyo hiyo ndiyo tovuti za bei chee huanguka. Ukiuliza unajibiwa: "Ndo mtandao." "Fundi hapokei simu." "Kadari tu, dada." Majibu haya tumeyasikia mpaka yametuchosha.

Vitu vitatu, usivichanganye

Kabla hatujagombana, tuelewane. Tovuti ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni jina, lile linaloishia na .com au .co.tz. Mafundi huliita domeini. Hicho ni kibao cha mlangoni. Jina hulinunui likawa lako milele. Unalisajili kwa mwaka mmoja au kadhaa, na muda ukiisha unalipia tena.

Cha pili ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta iliyowashwa usiku na mchana ili mtu akiandika jina lako apate kitu. Hiyo ndiyo nyumba. Kampuni inayokupangisha nafasi hiyo ndiyo tunayoizungumza leo, na wengi huiita hositingi.

Cha tatu ni vilivyomo ndani: picha, maandishi, orodha ya bei, oda za wateja na ujumbe waliokuandikia. Hilo ndilo sanduku la bi harusi.

Vitu hivi vitatu vinaweza kuwa mikononi mwa watu watatu tofauti. Kwa wengi wetu vyote viko kwa fundi mmoja, na karatasi hata moja hakuna. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumekwenda mbele yao: tuna mali, hatuna daftari, na hata mlango wa duka hatujui uko wapi.

Bi Khadija alitafuta mwaminifu

Kila tukizungumza biashara tunamtaja Bi Khadija bint Khuwaylid, Allah amridhie. Tunamtaja kwenye semina, kwenye kadi, kwenye majina ya maduka. Basi tumfuate na katika alivyofanya.

Mali yake ilikwenda Sham na misafara, naye mwenyewe hakusafiri nayo. Alihitaji mtu wa kumkabidhi. Waandishi wa sira wanatueleza kwamba alimchagua Muhammad bin Abdillah, swalla Allahu alayhi wa sallam, kabla ya utume, kwa sababu ya ukweli na uaminifu aliojulikana nao, na kwamba alimpa malipo makubwa kuliko aliyokuwa akiwapa wengine. Tena akamtuma mtumishi wake, Maysara, afuatane naye, na Maysara akarudi na habari za safari nzima.

Tazama mpangilio wake. Aliangalia uaminifu kwanza, akalipa malipo yanayostahiki, na akaweka macho yake pale ilipo mali yake. Mwanamke wa leo anayemkabidhi mali mtu asiyemwona, katika nchi asiyoijua, anafanya kinyume kabisa: bei kwanza, uaminifu hauulizwi, na macho hayapo kabisa.

Jina liandikwe lako

Tuanze na kibao cha mlangoni, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumizwa. Fundi anakwambia, "Dada usihangaike, nitakusajilia mimi." Anasajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu. Wewe unalipa, yeye ndiye mwenye mali.

Jamani, mahari yako ungekubali iandikwe kwa jina la fundi wa jukwaa la ukumbi? Dini yetu imempa mwanamke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Si mume wala kaka anayeihesabu kuwa yake. Iweje basi jina la biashara yako, ambalo umelijenga kwa miaka, liwe la kijana uliyeelekezwa na shoga yako?

Na hapa hatusemi kwamba mafundi wote ni wezi. Fundi mwema naye husafiri, hubadilisha namba, huugua, hufa. Siku jina linapokaribia kuisha muda, onyo linakwenda kwenye barua pepe yake, siyo yako. Jina la .com lisipolipiwa huwa na muda wa nyongeza, kisha siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha linaachiwa na yeyote anaweza kulichukua. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa, hasa yenye wageni wengi, wakayageuza kuwa ya kamari au ya picha chafu. Jina hilo umelichapisha kwenye kadi zako, kwenye mifuko yako, kwenye mabango. Mama wa bi harusi analiandika kwenye simu yake mbele ya wakwe. Unataka aone nini?

Kwa hiyo kabla hujalipa senti moja: akaunti ya usajili iwe kwa jina lako, barua pepe iwe yako, neno la siri ulijue wewe, na uingie mwenyewe uione tarehe ya kuisha. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, umiliki ubaki kwako. Fundi akikataa sharti hili, mshukuru, mpe mkono wa kwaheri.

"Bila kikomo" na ladha ya mwaka wa kwanza

Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti, za hapa na za nje, zinatangaza nafasi "bila kikomo". Hakuna kompyuta isiyo na kikomo. Ukisoma masharti yale marefu yaliyoandikwa kwa maandishi madogo utakuta vikomo vimejaa: idadi ya mafaili unayoruhusiwa, kiasi cha nguvu ya seva unachoruhusiwa kutumia kwa wakati mmoja, na kifungu kinachosema kampuni inaweza kukuzimia ukizidi "matumizi ya kawaida". Kawaida ni ipi? Wanaijua wao.

Haya nasi yametukuta. Kampuni moja, ambayo hatuitaji, ilituuzia kifurushi cha bila kikomo. Siku za mwanzo za mfungo mosi, wasomaji walipoongezeka, tovuti ilizimwa na tukapata barua pepe kwamba tumezidi matumizi ya kawaida, tulipie kifurushi cha juu. Yaani siku tuliyoihitaji nyumba ndiyo siku tuliyofungiwa mlango.

Kuna na bei. Bei kubwa iliyoandikwa kwa rangi ni ya kipindi cha kwanza. Mwaka wa pili inaweza kuruka mara mbili au zaidi, na bei hiyo ya kuendelea imeandikwa chini kwa maandishi hafifu. Kadi yako ya benki wamekwishaihifadhi na wanakata wenyewe. Sisi si mashekhe na hatutoi fatwa, lakini sote tumesoma madrasa kwamba mauziano yanataka bei ijulikane na kinachouzwa kijulikane, na kwamba gharar, ile hali ya kuuziana kitu kisichoeleweka, imekatazwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Dini iliyojali kiasi hicho maandishi baina ya watu wawili haiwezi kufurahia sisi kusaini masharti tusiyoyasoma, na bei tusiyoijua ya mwakani.

Rahisi ghali, dada zetu. Uliza bei ya mwaka wa pili na wa tatu. Uliza kwa maandishi, na jibu ulihifadhi.

Na msisahau ahadi ya asilimia. Kampuni inasema tovuti itakuwa hewani kwa asilimia 99, nawe unaona ni alama ya mtihani. Piga hesabu. Asilimia 1 ya mwaka ni zaidi ya siku tatu na nusu za giza. Asilimia 99.9 ni karibu saa 9 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni chini ya saa 1. Tena wakishindwa kutimiza ahadi, mara nyingi fidia yake ni kupunguziwa ada ya mwezi huo. Oda zilizopotea ni zako peke yako.

Aliyechomwa na giza hujua thamani ya jenereta

Watu wa Unguja hatuhitaji kufundishwa maana ya kutegemea njia moja. Mwaka 2008 umeme unaotufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Ukakatika tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Nani aliendelea na kazi? Mwenye jenereta yake. Waliokuwa hawana walibeba maji kwa ndoo na kumwaga samaki waliooza.

Nakala ya akiba, ile mafundi wanayoiita bakapu, ndiyo jenereta ya tovuti. Kampuni zote husema zinayo. Swali ni iko wapi. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni kubwa ya Ufaransa, OVHcloud, kiliungua moto mjini Strasbourg. Kwa makadirio, tovuti zaidi ya milioni 3 zilizimika. Kampuni ile si ya uchochoroni. Ni miongoni mwa kubwa kabisa Ulaya. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, wakagundua kwamba nakala zao zilikuwa zimewekwa pale pale palipoungua. Mwaka 2023 mahakama ya Ufaransa iliiamuru kampuni imlipe mteja mmoja fidia ya zaidi ya euro 100,000. Fidia iliamriwa. Data hakurudishiwa.

Basi sharti letu ni hili. Kampuni iweke nakala mahali pengine kabisa, mbali na seva yenyewe, na wewe uwe na nakala yako mwenyewe nyumbani, kwenye diski ya nje, angalau mara moja kwa mwezi, na kila wiki wakati wa msimu. Na nakala isiyowahi kujaribiwa usiihesabu. Mwambie fundi airudishe mahali pa majaribio uone kama picha zinafunguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tuwe waadilifu pia. Yapo yasiyokuwa makosa ya kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao Tanzania na nchi jirani ukaanguka au ukawa mzito. Siku hiyo kumlaumu mwenye seva ni kumdhulumu. Lakini hata hapo uchaguzi wako una maana: tovuti iliyo kwenye seva ya nje iliendelea kuonekana kwa mteja wa Muscat hata kama wewe Mwanakwerekwe huioni. Jua wateja wako wako wapi, kisha uliza seva iko wapi.

Picha za usiku wa hina

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Usiku wa hina ni wa wanawake. Bi harusi amevua mtandio, nywele ziko wazi, bega liko wazi, amesingwa, amefukizwa udi, na wenzake wanacheza wakijua hakuna mwanamume anayewaona. Simu za wageni mlangoni tunazikusanya. Kisha mpiga picha, mwanamke mwenzetu tuliyemwamini, anachukua picha 400 na kuzipandisha kwenye tovuti yake "ili bi harusi azichague". Ameweka neno la siri kwenye ukurasa, anajiona amemaliza.

Hajamaliza. Katika mifumo mingi ya tovuti, neno la siri hufunga ukurasa tu. Faili la picha lenyewe lina anwani yake, na anayeijua anwani hiyo hulifungua bila kuulizwa kitu. Wafanyakazi wa kampuni inayokuhifadhi wanaweza kuyafikia mafaili yako, kwa kuwa kompyuta ni yao. Fundi wako pia. Na ukizifuta, zinaweza kubaki kwenye nakala za akiba mpaka muda wa nakala hizo uishe.

Hapo ndipo bei rahisi inapoonyesha uso wake. Na hifadhi ya bure ni mbaya zaidi. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba kampuni ya kuhifadhi tovuti bure, 000webhost, ilikuwa imeibiwa taarifa za wateja zaidi ya milioni 13, pamoja na maneno yao ya siri yaliyowekwa wazi bila kufichwa kwa namna yoyote. Mtu anayekupa nyumba bure hana deni la kukuwekea kufuli. Nguo ya kuazima haisitiri.

Kwa hiyo tunasema wazi, na atakayenuna anune. Picha ambazo ajnabi hafai kuziona hazina mahali kwenye tovuti, hata ya kampuni bora duniani. Mkabidhi bi harusi mkononi kwa diski au fleshi, mkubaliane lini utafuta zako, na ufute. Za kutangazia biashara ziwe zile alizokubali kwa maandishi, akiwa amejisitiri anavyotaka mwenyewe. Na hata hizo, pamoja na namba za simu na tarehe za harusi, zihifadhiwe kwa kampuni inayokujibu maswali haya: nani anaweza kuyafikia mafaili yangu? Mnahifadhi nakala kwa muda gani? Mkidukuliwa, mtaniambia?

Hili lina na sheria zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizi zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sisi Waislamu tulitakiwa tusisubiri sheria. Stara ya dada yako ilikuwa wajibu wako kabla bunge lolote halijakaa.

Na kwako wewe bi harusi mtarajiwa: muulize mpambaji na mpiga picha wako picha zitakaa wapi. Unauliza keki ina ngazi ngapi, unauliza maua yanatoka wapi, unabishana juu ya rangi ya kilemba cha bwana harusi. Hili nalo uliza, tena kabla ya kutoa kianzio.

Majibu kwa wanaotupinga

Wapo wanaosema, "Tovuti ya nini? Instagram inatosha." Instagram ni baraza zuri la kupita na kusalimiana, nasi tunaitumia. Lakini si nyumba yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa 6 dunia nzima, na wenye biashara wote waliokaa humo walikaa wakitazamana. Akaunti ikiibiwa au ikifungiwa, huna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Na walioamini kwamba nyumba kubwa haibomolewi wakumbuke GeoCities, iliyokuwa imebeba kurasa za watu kwa mamilioni. Yahoo iliifunga mwaka 2009.

Wapo wanaosema, "Pesa hatuna." Tunaelewa, wengi wetu tulianza na kibanda. Lakini tazama vizuri. Hifadhi nzuri ya tovuti ndogo hugharimu kwa mwaka pesa ambayo mpambaji wa kawaida huipata kwa bi harusi mmoja au wawili. Mwenye kununua taa za picha, brashi na mashine ya vitambaa hawezi kusema hana pesa ya kufuli. Tena yapo ambayo hupaswi kulipia. Cheti cha usalama cha kawaida, kile kinachofanya anwani yako ianze na https, kinatolewa bure na shirika la Let's Encrypt tangu 2015, na kampuni nyingi nzuri huwaunganishia wateja wao. Kampuni inayokutoza pesa nyingi kwa hicho tu inakula ujinga wako. Na usipandishe picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Ipunguze ukubwa kwanza. Itafunguka haraka kwa mteja mwenye bando dogo, na hutalazimika kununua kifurushi kikubwa kabla ya wakati wake.

Wapo wanaosema, "Kampuni za nje ndizo za kuaminika," na wengine, "Tuwaunge mkono wa nyumbani." Utaifa haujibu maswali. Kampuni ya nyumbani inakupokea malipo kwa simu na kukujibu kwa Kiswahili, na hilo lina thamani kubwa. Lakini nyingi zinauza tena nafasi walizokodi kwa kampuni za nje, na wakati wa tatizo nao wanasubiri kujibiwa. Waulize: seva ni zenu, au mmekodi kwa nani? Mwaminifu atakujibu bila kuona haya. Ya nje nayo inaweza kuwa na seva nzuri na mtu wa kukujibu usiwe naye kamwe.

Na wapo wanaosema, "Kadari." Hawa ndio wanaotuudhi zaidi, kwa sababu wanaitumia dini kufunika uvivu. Sote tunaijua hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, kuhusu ngamia wake: amfunge au amwache na kutegemea? Jibu tunalijua pia. Kufunga kwanza, kisha kutawakali. Aliyeacha jina kwa fundi, nakala hana, masharti hakusoma, na picha za watu kaziacha wazi, huyo hakutawakali. Ameacha ngamia barabarani.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Nakili haya kwenye daftari lako, ya jikoni au ya biashara, na usilipe mpaka yote yamejibiwa kwa maandishi.

1. Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, na naweza kuingia mwenyewe kwenye akaunti hiyo?
2. Bei ya mwaka wa pili na wa tatu ni kiasi gani, na mnakata wenyewe au mnaniuliza kwanza?
3. Vikomo vya kweli ni vipi: mafaili mangapi, nguvu kiasi gani, na nikizidi mnanionya au mnanizimia?
4. Nakala za akiba zinachukuliwa mara ngapi, zinakaa wapi, na kurudishiwa ni bure au kwa ada?
5. Seva iko nchi gani, na ni yenu au mmekodi?
6. Nani kati yenu anaweza kuyafikia mafaili yangu?
7. Nikipata tatizo Ijumaa usiku au siku ya Idi, nani ananijibu na kwa muda gani?
8. Nikitaka kuhama, nachukuaje vitu vyangu vyote, na mnanipa lini msimbo wa kuhamisha jina?

Swali la 7 usiridhike na jibu la mdomo. Kabla ya kununua, waandikie usiku wa Ijumaa uone wanajibu lini. Ukijibiwa na mtu aliyelisoma swali lako, hiyo ni dalili njema. Ukijibiwa na mashine mara tatu mfululizo, umekwisha kujua siku ya harusi itakuwaje.

Na swali la 8 ndilo kipimo cha tabia. Mwenye nyumba mwema hukuonyesha mlango wa kutokea siku ile ile unayoingia. Anayeuficha ana sababu yake.

Dada zetu, wanawake wa visiwa hivi wametunza siri za wenzao kwa vizazi. Kungwi aliingia chumbani kwa bi harusi na akatoka hajasema neno. Somo alijua yote na alikufa nayo. Kazi hiyo leo imeingia kwenye kompyuta, na anayeifanya ni wewe, kwa majina na picha ulizokabidhiwa. Wiki hii ingia kwenye akaunti yako ya jina la tovuti. Ukishindwa kuingia kwa sababu haiko mikononi mwako, mpigie fundi leo, kabla ya Shaabani.

Wabillahi tawfiq.